Siku ya Tatu ya Mgeni: Mwanafunzi wa Nkanka, Jiji la Dar es Salaam na Vitabu Vyetu vya Kiswahili

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jambo ambalo kwa kawaida huachiwa ofisi zinazoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Jambo lenyewe ni namna mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anavyolizoea jiji kubwa lisilo lake. Tunalileta katika jarida la idara ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya wanafunzi wetu wanaoendelea na masomo ya juu huelekea Dar es Salaam, na huko husoma Kiswahili kwa Kiswahili. Pili, vitabu tunavyovisoma na kuvifundisha vina picha maalumu ya mgeni aingiaye mjini. Swali letu ni hili: je, picha hiyo inamfaa mwanafunzi atokaye Nkanka?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hoja yetu ni kwamba maandishi mengi ya Kiswahili yanazijua vizuri siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu, ambapo mgeni anatakiwa kushika jembe na kuwa mmoja wa watu wa pale, haijaandikwa vya kutosha.

Mgeni huyu ni nani?

Nkanka ni sekta ya wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, karibu na Ziwa Kivu. Wengi bado huliita eneo hilo Cyangugu, jina la mkoa uliokuwepo hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Mji wa karibu ni Kamembe, na ng'ambo ya mto Rusizi ndiko liliko jiji la Bukavu, nchini Kongo. Kigali iko mbali, maana lazima upite msitu wa Nyungwe na kukaa ndani ya basi kwa saa nyingi. Hivyo kijana wa huko aweza kulijua soko la Bukavu kabla hajaujua mji mkuu wa nchi yake, na soko hilo linasema Kiswahili.

Tuseme wazi kwamba Kiswahili hicho si kile cha Unguja. Ni Kiswahili cha Kivu. Msemaji wake husema "niko na kitabu" mahali ambapo sisi darasani tunafundisha "nina kitabu". Husema "batoto" akimaanisha watoto, "ku soko" akimaanisha sokoni, na "aksanti" akimaanisha asante. Majani ya muhogo huyaita sombe, na Mtanzania huyaita kisamvu. Mkaa ni makala, mchicha ni lengalenga, ofisi ni biro, na ada ya shule ni minervali, neno lililoletwa na Wabelgiji.

Isitoshe, hata anaposema Kinyarwanda kitupu, kijana huyo ana Kiswahili kinywani. Saa za Kinyarwanda ni za Kiswahili: saa moya, saa mbiri, saa tatu, nazo zinahesabiwa kuanzia macheo kama zinavyohesabiwa pwani. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini katika Rusizi lugha hii haikusubiri sheria. Ilikwisha kuvuka mto pamoja na wafanyabiashara, wavuvi na ndugu waliooana pande zote mbili.

Huyo ndiye mgeni wetu. Haingii Dar es Salaam akiwa bubu. Anaingia akiwa na lugha.

Jiji linalompokea

Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani na ya nchi jirani huishia katika kituo cha Magufuli kule Mbezi, badala ya Ubungo kama zamani. Mwanafunzi anashuka hapo baada ya safari ya zaidi ya siku nzima kutoka Kigali, kupitia Rusumo, Singida, Dodoma na Morogoro. Saa yake iko nyuma kwa saa moja. Mbele yake kuna mambo kadhaa ya kufanya, na kila moja lina lugha yake.

La kwanza ni chumba. Asipopata nafasi katika mabweni ya chuo, atatafuta Changanyikeni, Survey, Sinza au mitaa mingine ya jirani na Mlimani. Hapo atakutana na dalali, ambaye aghalabu hudai malipo yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye huenda akadai kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Kwa mtu anayetegemea fedha za ufadhili zinazokuja kidogo kidogo, sentensi hiyo moja ya mwenye nyumba ni nzito kuliko mtihani. Ili aombe kulipa kwa miezi mitatu mitatu, anahitaji Kiswahili cha kusihi na cha kuahidi bila kujidhalilisha.

La pili ni kutambulika. Atakwenda kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kujitambulisha. Ataambiwa alete barua, na barua hiyo ataambiwa aifuate "kesho asubuhi". Uhamiaji watataka kibali chake cha kuishi nchini kama mwanafunzi, na vyeti vya nje vina utaratibu wa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania.

La tatu ni mwendo. Ndani ya daladala kondakta haulizi, anatangaza. Abiria lazima ajue kwamba buku ni shilingi 1,000 na jero ni 500, na kwamba asiposema "shusha" kwa sauti na kwa wakati, kituo chake kitapita. Maneno hayo hatukumfundisha, wala kamusi nyingi hazimsaidii.

La nne, na kwetu sisi kubwa zaidi, ni semina. Hapo atatakiwa kutetea hoja mbele ya wenzake ambao wengi wao wamezaliwa katika Kiswahili hicho na hawana habari kwamba kinaweza kuwa kigumu.

Riwaya zinasema nini?

Riwaya ya Kiswahili inamfahamu sana msomi na mji. Tutaje mifano michache tu.

Katika Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, tunakutana na Kazimoto akiwa tayari ni mwanafunzi wa chuo kikuu, amerudi kwao Ukerewe. Msomaji wa Nkanka ataona mengi ya kwake humo: ziwa, kijiji, wazazi wanaomtazama msomi wao kwa matumaini na hofu, rafiki wa utotoni aliyepata cheo. Lakini riwaya hiyo inahoji maana ya maisha na madhara ya elimu iliyomtenga mtu na watu wake. Haikusudii kutuonyesha jinsi Kazimoto alivyopata kitanda mara ya kwanza alipofika Dar es Salaam. Jiji limekwisha kufanya kazi yake ndani yake kabla ya ukurasa wa kwanza.

Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, Madhubuti anakwenda kusoma Urusi na kurejea akiwa na msimamo uliobadilika. Tunamwona akiondoka na tunamwona akirudi. Katikati kuna pengo.

Mfano wa tatu unatugusa zaidi. Siku Njema, ya Walibora vilevile, iliyochapishwa mwaka 1996, inasimulia safari ya kijana kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba yake. Kijana huyo anasifiwa kwa umahiri wake wa Kiswahili hata akaitwa Kongowea Mswahili. Kwake yeye lugha ni pasipoti. Anavuka mpaka kutoka mahali ambapo Kiswahili kinahesabiwa kuwa kizuri, anakwenda mahali ambapo uzuri huo unastaajabiwa. Sasa igeuze safari hiyo. Mtu atoke Nkanka, avuke mpaka kuelekea pwani, na Kiswahili chake badala ya kumfungulia mlango kimfanye achekwe mlangoni. Safari hiyo ya pili ni ya kweli na wapo wanaoisafiri, lakini hatujapata riwaya iliyoishughulikia kwa uzito ule ule.

Jambo la kutafakarisha ni kwamba waandishi wote wawili waliyajua maisha haya kwa miili yao. Kezilahabi alisoma shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, Marekani, na kupata uzamivu mwaka 1985. Walibora alipata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Kichwamaji na Siku Njema ziliandikwa kabla ya safari hizo. Hatuwalaumu marehemu hawa, kwani mwandishi huandika kinachomsumbua. Tunachosema ni kwamba fasihi yetu imependa mianzo na miisho, kuaga na kurejea, kupotoka na kuangamia. Miezi ile sita ya kati, ambayo ndiyo mtu huyu anageuka kuwa mkazi, inaonekana kama haina kisa. Sisi tunaona kisa kimo.

Vitabu vya wageni

Iwapo riwaya zimempita, je, vitabu vya kufundishia Kiswahili kwa wageni vinamsaidia? Vile tunavyovijua vina sifa zao: vina mazoezi yaliyopangika, sarufi iliyo wazi, na mazungumzo mafupi ya kukariri. Lakini mazungumzo hayo hurudia mahali pale pale: uwanja wa ndege, hotelini, sokoni, kwa daktari, mbugani. Yamejengwa juu ya dhana tatu kuhusu mgeni.

Dhana ya kwanza ni kwamba mgeni hana Kiswahili hata chembe. Dhana ya pili ni kwamba mgeni ana fedha, kwa hiyo tatizo lake ni kuuliza bei, wala si kuomba kulipa polepole. Dhana ya tatu ni kwamba mgeni ataondoka. Hakuna haja ya kumfundisha kujadiliana na mpangaji mwenzake kuhusu bili ya umeme, kwa sababu kitabu kinapofika mwisho mgeni yuko kwenye ndege.

Mwanafunzi wa Nkanka anazikanusha dhana zote tatu kwa wakati mmoja. Ana Kiswahili, hana fedha, na hataondoka kwa miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo anakaa katikati ya vitabu viwili. Kile cha wageni kinamwona mdogo mno, na kile cha wenyeji kinamdhania amekwisha kuzaliwa humo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Katika Kivu watu husalimiana kwa "jambo". Ni salamu ya kweli, ya jirani kwa jirani, na mtu huitika "jambo sana". Dar es Salaam neno hilo limekuwa salamu ya watalii. Mkazi wa jiji akilisikia huliitika kwa tabasamu la biashara, au hubadili lugha na kuingia Kiingereza. Mwanafunzi wetu ametoa salamu aliyofundishwa nyumbani, naye amepokelewa kama mtu aliyeijifunza katika kijitabu cha uwanja wa ndege. Papo hapo anatambua kwamba kuna salamu nyingine, shikamoo, ambayo mtu mzima anaisubiri na ambayo yeye hakuizoea. Asipoitoa anaonekana hana adabu. Tunadhani hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi kwamba mtu aweza kuwa mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe.

Je, tunapinga Kiswahili sanifu?

Wapo watakaotuuliza kama tunataka tasnifu ziandikwe kwa Kiswahili cha Kivu. La hasha. Kiswahili sanifu kilipatikana kwa uamuzi na kwa kazi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na kazi hiyo ikarithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa TATAKI. Bila usanifu huo mwanafunzi wa Rusizi na wa Lamu wasingesoma kitabu kimoja. Mwanafunzi anayekwenda Mlimani anapaswa kuujua, tena kuujua vizuri, na mwalimu anayemwonea huruma kwa kuacha kumsahihisha hamsaidii.

Tunachopinga ni jambo jingine. Kuna tofauti kati ya kumwongezea mtu lugha na kumnyang'anya aliyokuwa nayo. "Niko na" si kosa la mtu mvivu. Ni muundo unaotumika kuanzia Bukavu hadi mitaa ya Nairobi, na mamilioni ya watu wanaelewana kwa muundo huo. Mwalimu aweza kusema, "Hapa kwenye tasnifu tunaandika nina." Hiyo ni kufundisha. Akisema, "Hicho si Kiswahili," amekuwa hakimu, na hukumu yenyewe si ya kweli.

Ushahidi kwamba Kiswahili cha Kongo chaweza kubeba fikra nzito upo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya jiji la Elisabethville, ambalo leo ni Lubumbashi, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Maandishi hayo yanajulikana kwa jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville, na ingawa jina ni la Kifaransa, ndani ni Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Humo historia ya jiji inasimuliwa kutoka jikoni na uani. Kwa maneno mengine, maandishi ya Kiswahili kuhusu watu walioingia jiji kubwa na kulifanya mahali pa kuishi yapo. Lakini husomwa zaidi na wanahistoria na wanaanthropolojia kuliko na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili.

Kinachopotea

Msomaji aweza kusema kwamba kuchekwa ni jambo dogo, mtu huzoea. Ni kweli huzoea, lakini tuangalie anazoea kwa njia gani. Njia rahisi ni kunyamaza. Katika semina ananyamaza mpaka awe na hakika ya kila kiambishi, na akiipata hakika hiyo mjadala umekwisha. Kwa msimamizi wake ananyamaza na kuitikia "ndiyo mwalimu" kwa jambo ambalo hakulielewa. Muda wa masomo ya uzamili ni mfupi, na muhula mmoja wa kimya ni sehemu kubwa yake.

Hasara ya pili inaihusu taaluma yenyewe. Kiswahili cha Rusizi, cha masoko ya mpakani, cha wavuvi wa Kivu, kinahitaji mtafiti anayekijua kutoka ndani. Mtafiti huyo ndiye huyu aliyeshuka Mbezi na begi lake. Iwapo mwezi wa kwanza jijini umemfundisha kwamba lugha ya nyumbani ni aibu, itakuwa rahisi kwake kuchagua mada nyingine ambayo imekwisha kuandikwa mara nyingi, ili mradi isimrudishe mahali alipochekwa.

Tumpe mfano wa kumtia moyo. Samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Kivu huitwa sambaza. Hawakuwa wa ziwa hilo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na kule Kigoma samaki wa aina hiyo huuzwa kwa jina la dagaa. Mwanafunzi wetu akienda sokoni Dar es Salaam akaona fungu la dagaa wa Kigoma, anamtazama ndugu wa sambaza aliyemwacha nyumbani. Hakuna anayesema kwamba sambaza ni dagaa aliyeharibika. Amehamia maji mengine, amezaliana humo na kupata jina la huko. Kiswahili nacho kilipanda bara hadi kwenye maziwa, na hatuoni kwa nini kihukumiwe vingine.

Mapendekezo

Kwa kuwa uhakiki usio na pendekezo ni nusu ya kazi, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, somo la Kiswahili kwa wageni ligawanywe kwa kuzingatia mgeni anatoka wapi. Mwanafunzi wa Rwanda, Burundi au Kongo mashariki asianzishiwe somo la "Hujambo, jina lako nani?" Apewe mazoezi ya kulinganisha: sombe na kisamvu, makala na mkaa, "niko na" na "nina", kila kimoja kikitajwa mahali pake.

Pili, mazungumzo ya vitabuni yaongezwe siku ya tatu. Tunataka kuona mazungumzo na dalali, na mwenye nyumba, na mjumbe, na kondakta, na msimamizi wa tasnifu. Tunataka pia mazungumzo ya kukataa kwa adabu na ya kuuliza mara ya pili bila haya, maana hayo mawili ndiyo humwokoa mgeni.

Tatu, maandishi kama ya Yav yasomwe katika kozi za fasihi na isimujamii, sambamba na Kichwamaji na Siku Njema, ili mwanafunzi aone kwamba rafu ya Kiswahili ni pana kuliko pwani.

Nne, wahitimu wetu waliopitia njia hii waandike. Si lazima iwe riwaya. Barua, kumbukumbu za mwezi mmoja au orodha ya maneno hamsini yaliyowashangaza zitamfaa sana anayefunga begi lake mwaka huu. Hatuhitaji visa vya kishujaa. Tunahitaji kujua kodi ililipwaje, nani aliwaonyesha basi, na ni siku gani waliacha kuhesabu viambishi kabla ya kufungua kinywa.

Jarida hili liko tayari kuchapisha maandishi ya namna hiyo, kwa Kiswahili sanifu au kwa Kiswahili cha Kivu chenye maelezo mafupi. Wenye maoni tofauti na yetu kuhusu nafasi ya lahaja za bara katika ufundishaji nao wanakaribishwa kujibu katika toleo lijalo.